Hesabu ya Tela

Nyuma ya risiti ya saruji, Fort Portal,
mvua ikigonga bati la karakana,
naandika: taa tatu, wati tano tano, saa nne. Sitini.
Feni ya wati kumi, saa sita. Sitini nyingine.
Simu mbili, ishirini.
Mia na arobaini! Nacheka peke yangu.
Paneli moja juu ya paa
italeta mia tatu hata siku ya ukungu wa Ruwenzori.

Fyuzi kwanza, shubiri moja kutoka betri, upande wa chanya.
Kisha waya nene. Nyembamba
huungua kimyakimya ndani ya mbao, watu wamelala.

Nyangoma anachungulia begani. "Na friji?"
"Friji ni mlafi. Tutakunywa maji ya mtungi."
"Na insulini ya mama?"

Kalamu ikasimama.
Nilikuwa nimepima ekseli, nati, urefu wa kitanda chake,
hata ngazi: vidato vitatu vifupi
kwa ajili ya goti lake bovu.
Dawa sikuipima.

Risiti imejaa. Naandika pembeni, herufi za sisimizi:
friji ndogo, mia nne. Paneli mbili. Betri mbili.
Feni naifuta; ziwa Nkuruba lina baridi yake.
Haba na haba hujaza kibaba,
na haba na haba hukikomba.

Mama anauliza kutoka jikoni
kama safari bado ipo.

Ipo, Amooti.
Imeongezeka uzito kidogo tu.