Sekunde Mbili

Rik alinifundisha kuhesabu:
gari la mbele likipita nguzo,
sema ishirini na moja, ishirini na mbili.
Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza
wewe ni mgeni asiyebisha hodi.
Miaka arobaini tulihesabu,
yeye kwa usukani, mimi kwa midomo.
Sasa usukani ni wangu, na kiti chake
kimekaliwa na chupa ya kahawa
na buti zake za mlimani
ninazompelekea binti yetu, Udine.

Nilitoka Gent na mvua.
Kwetu watu hawakimbii sana, wanabanana tu,
kila mmoja pua kisogoni kwa mwenzake,
bila chuki, kama wanaongoja mkate.
Ukiacha sekunde mbili
anaingia mtu humo, anashukuru kwa mkono.
Unaacha nyingine, anaingia mwingine.
Kabla ya Namur ukarimu wangu
ulikuwa umejaa magari matano.

Ufaransa wamechora mistari ukingoni mwa lami:
mmoja, hatari; miwili, salama.
Mbele yangu nilikuwa na miwili.
Nyuma yangu hapakuwa na hata nukta.
Gari refu la rangi ya fedha,
indiketa ya kushoto ikipepesa, ikipepesa,
jicho la mtu anayekudai.
Kulia malori ya Lituania, Polandi, Romania,
ukuta unaotembea.
Niende wapi, bwana? Nipae?
Kiooni niliuona mdomo wake ukitafuna.
Niliiona pete. Niliona wembe ulipomsahau, chini ya sikio.
Hata Rik, mwaka wa kwanza,
hakunisogelea hivyo.

Kilomita hamsini mbele nikasimama kunywa kahawa.
Gari la fedha lilikuwa pale, likipoa,
na mwenyewe, mtu mfupi wa sweta ya bluu,
nyuma yangu kwenye foleni.
Nyuma, lakini hatua mbili kamili.
Pochi iliponianguka na nikageuka,
akadhani nampisha.
"La, mama. Tangulia wewe."
Akanishikia mlango.
Kisha akasimama juani na kikombe chake,
akitazama kunguru wawili wakigombea ganda la mkate,
dakika kumi, ishirini,
kama mtu asiye na saa wala safari.
Nilitaka kumuuliza.
Nikamuuliza choo kiko wapi.

Ujerumani hawapepesi, wanamulika.
Doa kiooni, mbali, nukta ya chaki;
unapiga chafya, limeshakuwa jua.
Sheria yao: nusu ya kasi yako, iwe mita.
Wanaijua kama sala,
na kama sala, wengine huishia kuisema.

Uswisi sote tukawa watakatifu ghafla,
mia na ishirini, tumetungwa uzi mmoja.
Si upendo, ni kamera.
Lakini Bellinzona nililala usingizi mzuri.

Italia huwa karibu bila kukaribishwa,
nikazoea, nikaacha hata kushtuka.
Baada ya Brescia, mbele yangu, karavani ya Kidenmaki,
baiskeli mbili zikichezacheza mgongoni,
inalipita lori, lori halikubali kupitwa,
dakika moja, dakika tatu.
Binti alikwisha kuniandikia kwamba maji ya tambi yanachemka.
Mdenmaki huyu yuko likizo, ana dunia nzima.
Nikasoma kibandiko cha kambi ya ziwani.
Nikasoma mwaka wake.
Nikasoma jina la muuzaji wa karavani
na namba yake ya simu, tarakimu zote nane,
ya mwisho imechubuka.

Ndipo nikasikia tik, tik, tik.
Indiketa yangu.
Ya kushoto.
Kwenye kioo cha ubavuni mwake, uso wa mzee,
macho yakinitazama,
yakitazama lori,
yakinitazama.
Na pembeni yangu zile buti, kamba zimefungwa
vile alivyozifunga mwenyewe.

Nikaondoa mguu.
Karavani ikaenda, ikawa ndogo, ikawa ya watu.
Ishirini na moja, nikasema kwa sauti,
na kabla ya ishirini na mbili
Fiati nyekundu ikajipenyeza,
ikashukuru kwa mkono.