Mabenchi ya Isevya

Niliyachora mimi, mabenchi kumi na mawili,
kwa rula, ofisini, feni ikipeperusha karatasi.
Yote yakatazama barabara, mgongo kwa mgongo,
kama abiria waliokorofishana.

Tukazungusha uzio. Tukapanda nyasi,
tukaandika: USIKANYAGE.
Mwezi mzima nyasi hazikukanyagwa,
wala benchi halikukaliwa.
Watu waliketi ng'ambo, ukingoni mwa mtaro,
miguu ikining'inia juu ya maji ya sabuni,
wakicheka.

Nilimfuata Nyamizi, muuza asali.
Mtaroni kuna nini?
Akafuta mdomo wa chupa kwa pindo la khanga.
"Kuna uso wa mwenzangu.
Mabenchi yako, bwana ramani, yamenuniana."

Jumamosi tukaja na mitaimbo.
(Geti lipo stoo, mkaguzi akiuliza.)
Tukayageuza yakaelekeana, hatua mbili kati,
Nyamizi alizipima mwenyewe:
umbali wa kumrudishia mtu chenji
bila kuinuka.

Saruji ikaisha, benchi moja bado,
la mwisho, linalotazama ukuta wa ghala la tumbaku.
Nilidhani litabaki yatima.

Jana, saa moja usiku, nimelikuta na watu:
Mihambo na shemeji yake,
wasiosemeshana tangu matanga yale.
Wanautazama ukuta, wote wawili.
Katikati yao, kikopo kimoja cha karanga,
na mikono inayopishana kukifikia.