Siku ya Kumi na Moja

Poti ni ya kijani, ina masikio ya sungura.
Nimeinunua Sib kwa riali mbili na nusu,
na kwa siku kumi Hamyar ameivaa kichwani,
ameegesha magari ndani yake,
amemkalisha mwanasesere wa dada yake, akamwamrisha: "Kojoa!"
Yeye mwenyewe, hata.
"Ma aba," anasema.
Kwa Kiarabu hataki, kwa Kiswahili hataki.
Hujibana nyuma ya pazia, kimya,
uso umemwiva kama tungule,
kisha hutoka, nepi inaning'inia magotini,
mtu wa amani kabisa, shughuli zake zimekwisha.

Nimemwahidi tende. Tende kala.
Nimefungua bomba litiririke. Kalisikiliza bomba.
Nimepiga "shiii" hadi midomo ikanikauka,
mwisho nikakimbilia choo mimi.

Mama mkwe, Bi Zuwena, yupo kochini ananitazama.
"Sisi Unguja hatukuwa na sungura.
Unakaa chini, unanyosha miguu,
mtoto unamkalisha juu ya nyayo, basi.
Choo kilikuwa miguu ya mama."
Magoti yake siku hizi hayakunjiki,
la sivyo angenionesha.

Leo Alhamisi.
Nje jua la Julai linakaanga magari ya Al-Khudh,
ndani wageni watano kutoka Ibra,
halwa, kahawa, habari za posa ya mtu.
Nepi nimemvua tangu asubuhi; nimechoka kuona haya.

Posa imefika penye mahari
Hamyar kaingia, kanzu kaikusanya mkononi,
taratibu, kama shehe anayevuka dimbwi.
Kafika penye chetezo cha bibi yake,
majivu yamepoa toka adhuhuri.
Katanua miguu. Kachutama kidogo.
Kaiachia kanzu ishuke pande zote,
kafumba macho.

Tssss.

Vikombe vimesimama hewani.
Mimi natafuta ardhi inipasukie.
Bi Zuwena kacheka hata ushungi ukamwanguka:
"Jamani, kaniiga mimi!"

Kumbe kila jioni akijifukiza,
kasimama juu ya chetezo, macho kayafumba,
nguo kaziachia moshi upande,
mlangoni kuna mtu alikuwa darasani.
Siku kumi nimesomesha,
mwanafunzi wangu yuko chuo kingine.

Chetezo tumekisugua kwa ndimu na mchanga.
Sungura kahamia pembeni yake,
na kila asubuhi nachoma udi, kijipande kama ukucha.
Hamyar anangoja moshi upande,
anakusanya kanzu,
anakaa.

Jirani kanigongea juzi:
harusi ya nani humo ndani, mbona haiishi?
Nimemwambia karibu, kaa kwanza.
Bwana harusi hajamaliza.