Jino Tu

Chai ndiyo iliyoniambia kwanza.
Ilipita pembeni mwa mdomo, ikashuka kidevuni,
ikaangukia kanga, nami nikadhani
kikombe kina ufa.

Nikakigeuza. Hakina.
Nikaenda kwenye kioo cha Lugembe, kile cha kunyolea:
upande wa kulia nilikuwa mimi,
upande wa kushoto palikuwa na mtu aliyesinzia
jicho wazi.
Nikamwambia acheke. Akacheka nusu.

Mama Holo akaja na majivu na jina la jini.
Shemeji akasema ni upepo wa ziwa,
si ulilala na dirisha wazi?
Paka mafuta, jipe siku saba, utaona.

Siku saba mimi nazijua.
Nazijua tangu Buyegu, mdogo wangu,
alipoumwa jino la nyuma msimu wa pamba.
Akaweka karafuu, akaweka tumbaku,
akafunga shavu kwa kitambaa kama mzigo wa safari.
Siku ya tatu taya likagoma kufunguka:
kijiko hakipiti,
mate yanamtiririka maana kumeza kumemshinda,
uvimbe umejaa chini ya ulimi, umeteremka shingoni,
na sauti yake imekuwa ya mtu
mwenye kiazi cha moto mdomoni.
Homa ilikuwa ya kuunguza mkeka.
Sisi tukasema: jino tu.
Nani amewahi kuzikwa kwa jino?
Usiku wa tano alikaa kitako, kulala hakuwezekani,
akivuta pumzi kama anayevuta ndoo
katika kisima kisicho na mwisho.
Hatukufika hata kivukoni.

Jino tu.
Maneno mawili, na nimeyabeba miaka kumi na minne.

Kwa hiyo sikungoja.
Kivuko cha kwanza kutoka Kamanga:
ng'ombe wawili, pikipiki, matenga ya nyanya, na mimi
nimefunika kwa kiganja jicho lisilofumbika.
Watu walinitazama, kisha wakatazama maji.
Mwanza ikaja polepole na mawe yake,
nikapanda kilima cha Bugando.

Daktari alikuwa binti, Nyanjige, kalamu nyuma ya sikio.
Hakuuliza jina la jini. Aliuliza saa.
Imeanza saa ngapi?
Fumba macho, nyoosha mikono yote miwili mbele.
Haukushuka hata mmoja.
Sema: mvua ya jana imebomoa bomba la Mabatini.
Nikasema, kila b ikinivujia kama ile chai,
lakini maneno yalikaa kwenye foleni yake.
Kunja paji la uso.
Kulia likajikunja kama shuka la asubuhi,
kushoto likabaki laini, jiwe la ufukweni.

Hapo, akasema. Paji nalo limelala.
Huu ni mshipa wa fahamu wa uso.
Kingekuwa kiharusi, paji kwa kawaida lingekunjika,
mkono ungelegea, maneno yangechanganyika.
Lakini mama, hilo halipimwi kwa kioo cha kunyolea.
Uso ukianguka ghafla, njoo siku ileile.
Hata dawa hii yako inapenda siku tatu za mwanzo.

Akanipa vidonge, na matone ya jicho,
na plasta ya kulifunga usiku lisikauke.

Jioni, kivukoni, kijana wa matenga ya nyanya
alikuwa ameegemea nguzo, shavu limemjaa,
anatema mate kwenye kikopo.
Nikamwambia, fungua mdomo.
Weka vidole vitatu, kimoja juu ya kingine.
Kikapita kimoja, nacho kwa taabu.
Nikagusa chini ya kidevu: pagumu kama ubao,
pana moto.

Mama, akasema, na sauti nikaitambua,
kiazi kile kile,
jino tu hili.

Nikamshika mkono.
Wakapiga honi, wakafungua kamba,
kivuko kikaondoka na nyanya zake
bila sisi.