Hodi ya Tatu

Hodi ni tatu, bibi alinifundisha;
ya nne ni ukorofi, geuka urudi.
Seva nayo inaijua adabu hiyo:
ukikosea mara tatu inakukomea mlango
na kuandika jina lako, na saa, na kiti ulichokalia.

Ghala, Maskati, mwezi wa saba.
Nje ni saa nane za usiku na lami bado inapumua joto;
humu chumba cha mashine nimevaa sweta la mume wangu.

Mkaguzi alitaka orodha
ya akaunti zinazoweza kufungua kila kitu.
Tulimwambia tisa.
Zikatoka thelathini na moja:
za wakandarasi waliokwisha rudi kwao,
ya majaribio, iliyojaribiwa mara moja mwaka wa mafuriko,
na moja, hmarhubi,
inayoingia kila usiku saa nane na dakika kumi
bila kukosa, bila likizo, hata usiku wa Idi.

Humudi Marhubi tulimzika Shaabani ya mwaka juzi.

Prakashani aliposoma alisukuma kiti nyuma.
Nikamwambia si mzuka, ni kazi aliyoipanga:
inachukua nakala za bima zote, inazihifadhi, inatoka.
Ukimfuta, nakala zinakatika.
Ukibadilisha nywila yake, vilevile.
Marehemu ndiye aliyekuwa akituwekea akiba
na mshahara tukala sisi.

Alikuwa mtu wa kubeba funguo.
Alikwenda Hija na kampuni nzima kichwani;
mfumo ulipolala, meneja alimpigia simu Mina,
naye akamsomea herufi mojamoja
huku watu wakimpita na vikapu vya kokoto.
Tuliuita ule uaminifu.
Mkaguzi ameuita jina jingine
na kulipaka rangi nyekundu.

Bahasha yake ilikuwa kwa mhasibu, ndani ya kasiki,
lakiri haijaguswa.
Neno moja, kwa mwandiko wake wa shule ya Wete:
chururu.
Nusu tu. Nusu ya pili alimwachia
yeyote atakayeijua,
na katika ghorofa hii ya watu sitini,
wa Kerala, wa Nizwa, wa Manila,
yeyote huyo ni mimi.
Tulikuwa tukisemezana penye birika,
yeye na Kipemba chake kilichonyooka,
mimi na changu cha kuokoteza jikoni kwa mama, Mabela.

Hodi ya kwanza: nikaunganisha yote, chururusindondondo.
Maandishi mekundu.
Ya pili: nikatenganisha maneno.
Mekundu.
Nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikaikalia.
Nikamkumbuka akilisema, bomba la jikoni likivuja,
kidole kikigonga meza baada ya kila ndo.
Nukta. Nukta. Nukta.

Pakafunguka.

Sasa tuna kasiki jingine, lisilo la chuma.
Nywila zinajibadilisha kila saa sita,
herufi arobaini zisizo na mama wala baba.
Hakuna anayezijua, hata mimi ninayezilinda.
Unaomba, unaeleza, mwenzio anaidhinisha,
na kioo chako kinarekodiwa hata ukisita.
Ni sawa. Sikatai. Silali tena na simu kifuani.

Ila siku ya kuifunga ile ya Humudi
kisanduku kilidai sababu,
herufi zisizozidi hamsini.
Nikaandika, nikafuta.
Nikaandika: mwenyewe amekwisha ingia kwingine.
Prakashani, akiwa kwake Ruwi,
akauliza hiyo ni lugha gani.
Akaidhinisha.

Ile nywila naweza kuitaja leo hadharani,
haifungui kitu:
chururu si ndo. ndo. ndo.