Sifuri Kabla ya Saa Nne

Nilipiga simu mara tatu kutoka Duluth,
theluji imeshafika kwenye kizingiti cha dirisha,
nikamwambia kijana wa kampuni: chumba nane, moja, moja, nne,
wiki ya kwanza, na wiki ya pili hichohicho.
Mama, akasema, kipo chenye roshani kubwa, bei ni ileile.
Sikuuliza roshani.

Mdogo wangu Aune alicheka hadi akakohoa.
Safari mbili, meli moja, bandari zilezile?
Nani hunywa chai, kisha akalipia makapi?
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu vidonge,
vya siku kumi na nne, na vya siku tatu juu yake,
maana dhoruba haisomi ratiba.

Daftari langu lilijua kila kitu.
Alhamisi, kufua.
Ijumaa, kulipa bili ya kwanza isije ikaingia ya pili.
Jumamosi usiku wengine watatoa masanduku mlangoni;
letu libaki chini ya kitanda, Arvid asilione akadhani tunakwenda.
Jumapili, saa tatu na nusu, ukumbi wa chini,
sisi tunaoendelea tushuke, tuhesabiwe, tupande tena.

Tulikuwa arobaini na mmoja, na kadi za njano.
Afisa wa uhamiaji, mwenye mafua, alitueleza
kama anayefundisha chekechea:
meli isome sifuri. Isiposoma sifuri
hapandi mtu, hata nahodha akimwombea.

Mashine ikasoma moja.

Alikuwa nyuma yangu. Niligeuka kupokea kadi.
Kugeuka tu.

Mwanamke wa Tulsa akatazama saa yake, akatutazama sote:
hakosekani mmoja, kila safari.
Wakataka kumwita kwa vipaza sauti. Nikakataa;
jina lake likitoka darini humtisha.
Nikapanda na Rodelio, anayetandika kitanda chetu,
mtu wa Iloilo, asiyeuliza maswali ngazini.
Mashine chini ikasoma mbili.

Sitaha ya tano, meza ya arobaini na mbili, dirisha la kushoto.
Viti vyote vimepinduliwa juu ya meza,
chake tu ndicho kilichosimama kwa miguu yake.
Kitambaa mapajani. Mashine ya vumbi inanguruma
ikizunguka viatu vyake kwa adabu.
Umechelewa, akaniambia. Mkate utapoa.

Katika nyumba aliyoipigilia misumari mwenyewe
hupotea kati ya jiko na kitanda.
Hapa alikata korido tatu, akashuka ngazi mbili,
hakushikwa mkono, akafika.
Siku saba zilikuwa zimemwingia miguuni
kichwa kilipozifungia mlango.

Nilitaka kumpigia Aune hapohapo.
Nilitaka kumwambia yule afisa na leso yake:
mbili. Iache hivyo, kidogo tu.

Rodelio akainama. Bwana Arvid, jiko limefungwa,
twende tukanyoshe miguu, halafu turudi.
Saa nne kasoro dakika nne, sifuri.
Wakapiga makofi, wengine kwa moyo safi.

Tukarudi wa kwanza, kabla ya wageni elfu tatu.
Lifti zilikuwa wazi, zikisubiri.
Harufu ya sabuni. Bwawa halina hata kisigino kimoja.
Akanionyesha njia ya chumbani,
mimi, mwenye daftari.

Usiku mchekeshaji akatoa kisa cha daktari wa meno na kasuku,
akanyamaza palepale aliponyamaza juma lililopita.
Arvid akacheka mpaka akavua miwani.
Nami nilicheka, mapema kidogo,
nilikuwa namtazama yeye, si jukwaa.

Asubuhi akaumega mkate, akautafuna kwa makini.
Wa hapa mzuri, akasema.
Unaushinda wa ile meli nyingine.

Nikamsogezea siagi.