Pengo la Usoke

Miaka thelathini na moja nilitembea juu ya mataruma,
Tabora stesheni hadi Usoke na kurudi,
begani fimbo ya chuma ya kupimia reli:
mita moja. Si mita moja na unyoya.
Reli ikijitanua kwa jua la Oktoba
niliisikia gotini kabla sijaiona.

Kinywa changu sikukipima.

Jino lilibaki Usoke, mwaka ule wa mvua nyingi,
gego la chini, kulia.
Tabibu alikuwa na koleo na haraka.
Nilitema damu kwenye kopo la maziwa,
nikapanda kiberenge, nikarudi kazini.
"Utaziba baadaye," alisema.
Baadaye ipi, na watoto watano,
na mshahara uliokuja kwa mafungu?

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.
Pengo likikosa dawa hufanya nini, hawakusema.
Nitasema mimi.
Meno jirani huona chumba kitupu, huanza kuegemea,
kama mpangaji anayesogeza kitanda usiku
kidole kimoja, kidole kimoja.
Lile la juu, lililopotelewa na mwenzake,
huteremka kumtafuta.
Halafu siku moja unafunga kinywa, hakifungi:
kinagota mahali pamoja, kinateleza kushoto,
ndipo kinatulia.
Ta-ka. Behewa juu ya kiungo kibovu.

Kosa lenyewe ni unene wa karatasi ya msokoto.
Lakini msuli haujui hesabu ndogo,
msuli unajua kuvuta.
Ukiambiwa taya halijafika, unavuta.
Ukiambiwa bado, unavuta,
mchana kwenye michembe, usiku kwenye ndoto.

Nikawa mtu wa kutafunia kushoto.
Shavu hilo likanenepa, la kulia likasinyaa,
hata kinyozi wa Ng'ambo akasimamisha wembe:
"Mzee Mlekwa, unaficha nini humo?"
Asubuhi panja zilipiga nyundo, sikio likavuma.
Nilimeza dawa za malaria mara nne
kwa ajili ya jino nisilokuwa nalo.

Na Kalunde, mke wangu, alisikia usiku.
"Unasaga nini? Mtama tulishauza."
Mara ya kwanza alicheka.
Mara ya mia aliuliza polepole,
"Aliyekukasirisha ni mimi?"
Maneno marefu yaliniuma hapa, mbele ya sikio,
nikanyamaza.
Akachukua kimya changu kuwa jibu,
akahamishia mkeka wake kwa wajukuu.
Miaka miwili.

Kitete, daktari ni binti, Nyanzala,
umri wa kitinda mimba wangu.
Aliweka vidole viwili kila shavu.
"Uma."
Kushoto kulikaza kama kamba ya turubai.
"Huu umefanya kazi ya watu wawili," alisema,
nami nikaona haya, kana kwamba nimemnyonya kibarua.
Akaingiza karatasi ya wino wa bluu.
"Gonga. Gonga tena. Sasa saga."
Kwenye kioo: doa moja tu,
bluu kama chaki niliyotilia alama mataruma mabovu.
Meno yote yale, na mzigo umekaa hapo.

Alisugua kidogo, akapima, akasugua.
Hakuniahidi kitu.
Msuli una kumbukumbu, alisema,
utaendelea kuvuta kwa wiki kadhaa
hata baada ya njia kunyooka.
Hilo nalijua. Nina miaka minne ya kustaafu
na bado naamka saa kumi ya alfajiri.

Nyumbani nilimwambia Kalunde,
"Si wewe. Ni gego la Usoke."
Alinitazama kama mtu anayehesabu chenji.
Akafuta mikono kwenye khanga, akanishika mashavu,
akatafuta, akaipata ile kamba.
"Uma," alisema.
Niliuma.

Jioni ile michembe ilichemshwa mara mbili.
Hakusema kwa nini.